Treni zina pa kulala, mi je?

Jamani hebu nisaidieni kufikiri. Mi naishi Sunnyside, Queens, hapa New York, chumba cha besmenti ambacho nikinyoosha mikono nagusa ukuta huku na friji kule, afu nikitoka nje natembea kidogo tu nakutana na eneo la ekari 180 limelaliwa na mabehewa. Mabehewa! Ndo Sunnyside Yard hiyo, kampuni ya reli ya Pennsylvania iliifungua 1910, treni zikishashusha watu Penn Station kule Manhattan zinapita chini ya mto zinakuja Queens kupumzika, zinafagiliwa, zinaoshwa, zinakaguliwa, asubuhi zinaondoka zinang'aa. Mi nikitoka shifti ya usiku nani ananifagilia? Na kodi nalipa mimi.

Sasa 2015 meya wa kipindi hicho, Bill de Blasio, akasema tumwage slabu juu ya yadi nzima, treni zibaki chini na kazi yao, juu tupandishe maghorofa, nyumba 11,250 za bei nafuu. Nikasema Mungu mkubwa. Hata hotuba haijapoa, upande wa gavana wa jimbo, Andrew Cuomo, wakajibu kwamba lile eneo kwa sasa halina nafasi ya matumizi mengine. Meya na gavana chama kimoja hao, lakini kuelewana ilikuwa shughuli.

Wakaenda wakapima, wakachora, wakaita mikutano, Machi 2020 wakaleta mpango kamili: nyumba 12,000, slabu ya ekari 115, na hiyo slabu na miundombinu yake ni dola bilioni 14.4, yani hapo hujanunua hata kitasa cha mlango. Unaambiwa nguzo lazima zichomekwe katikati ya reli huku treni zinaendelea kupita, ndo maana bei ile. Mwezi huohuo korona ikaingia, mchoro ukaenda kabatini.

Ila msidhani ni korona tu. Mi nilishaenda mkutano mmoja wa mtaa kabla ya hapo, aisee nilitoka kichwa kinagonga. Kasimama mama mmoja mwenye nyumba yake, anasema maghorofa yatamletea kivuli. Kivuli! Kwetu Tanga mtu anapanda mwembe anausubiri miaka ili apate kivuli, huyu analetewa bure na serikali anakataa, tena anakitetea kiwanja cha mabehewa utadhani ni mbuga ya Serengeti. Mwingine akasema yatamharibia mandhari. Mandhari gani bibi, nyaya za umeme?

Tena cha kuchekesha, pale jirani kuna Sunnyside Gardens, vinyumba vya matofali vina bustani katikati, vizuri sana, tangu 2007 jiji limevilinda kama urithi hata dirisha hubadilishi kienyeji. Unajua vilijengwa kwa ajili ya nani? Vibarua na makarani, kuanzia 1924, na ardhi yake ilinunuliwa kwa nani? Kwa reli hiyohiyo ya Pennsylvania! Yani walalahoi waliwahi kujengewa kwenye ardhi ya reli ikawezekana, sa hivi mlalahoi akitaja reli anaonekana kaja kuharibu mtaa.

Lakini nisiwe mnafiki, wapo waliopinga wakanigusa. Kuna kijana alisema treni namba 7 asubuhi tayari tunapanda kwa viwiko, mkiongeza watu wa nyumba 12,000 watapandia wapi, kwenye paa? Nikapiga makofi. Wengine wakasema hizo nyumba zikija wapangaji wa zamani ndo watakuwa wa kwanza kuhama. Hata mbunge Alexandria Ocasio-Cortez alikuwa kwenye kamati ya mpango, Januari 2020 akajitoa.

Na hofu yao ina ushahidi, nenda Brooklyn. Pale Atlantic Yards walitangaza 2003, maghorofa 16 na uwanja wa mpira wa kikapu, sehemu juu ya yadi ya treni, watu wakahamishwa kwa nguvu ya sheria, kesi miaka na miaka. Uwanja ulifunguliwa 2012, ukaanza na Jay-Z kabisa. Nyumba za bei nafuu waliahidi 2,250 zikamilike kufikia Mei 2025, tarehe ikafika zimebaki 876 na slabu ya juu ya reli haijamwagwa. Kikapu kilipata paa mapema, binadamu wasubiri.

Afu na hiyo bei nafuu nafuu ya nani? Wanakokotoa kwa kipato cha kati cha eneo, na kwenye eneo wanachanganya na watu wa nje ya jiji huko wenye magari mawili na mbwa ana bima, hesabu ikija kwangu naambiwa kipato changu hakitoshi kwa nyumba ya watu wa kipato kidogo. Rudia tena hiyo sentensi taratibu. Unacheza bahati nasibu ya kugawa nyumba hizo, unapewa namba ya foleni ndefu kama namba ya simu, unasubiri wakuite, hawaiti.

Na mpaka leo pale yadini hakuna hata tofali, treni zinakoroma tu. Ila juzi mwenye nyumba wangu kanisukumia karatasi chini ya mlango, kodi inapanda, sababu eti mtaa unapanda thamani kutokana na mradi wa yadi. Nikampandia ngazi nikamwambia boss nionyeshe huo mradi uko wapi. Akatoa simu mfukoni akanionyesha mchoro, una miti, una watoto wanaendesha baiskeli, akaniambia malipo mwisho tarehe moja.