Kuhama nako huua

Kila ninapopiga simu Ujiji, mama mdogo hunipa kwanza habari za migebuka na dagaa, kisha huniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama samaki wa huku Japani, baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, bado tunawala. Tunawala, na hupimwa: tangu Aprili 2012 Japani hairuhusu kuuzwa kwa chakula chenye zaidi ya bekereli 100 (kipimo cha mionzi) za sesiamu, madini ya mionzi, kwa kilo. Haamini hata kidogo.

Ninaishi Koriyama, kilomita zipatazo 60 kutoka kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi, na kadiri ninavyowasikiliza wazee wa hapa ndivyo ninavyoona kwamba nyumbani tunaogopa mionzi na kusahau jambo lililoua zaidi. Tsunami ya Machi 11, 2011 ilipozima mitambo ya kupoza vinu, watu zaidi ya 150,000 walihama. Hadi mwaka 2018 serikali ilikuwa imekubali kifo kimoja tu kuwa cha mionzi, cha mfanyakazi aliyeugua saratani ya mapafu. Lakini vifo vilivyotokana na adha ya kuhama na maisha ya ugenini vimepita 2,000 katika mkoa wa Fukushima, wengi wao wazee. Wagonjwa wa hospitali na wa nyumba za wazee zilizokuwa karibu walipakiwa kwenye mabasi bila wauguzi wa kutosha, na wapatao 50 hawakunusurika.

Sisemi kwamba mionzi ni mchezo. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, mwaka 1986, maelfu ya watoto walipata saratani ya tezi ya shingo, hasa kwa kuwa waliachwa waendelee kunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye iodini ya mionzi, ambayo hupungua nusu kila siku 8. Kuzuia maziwa kwa wiki chache tu kungewaokoa wengi.

Jirani yangu, bibi aliyetoka Namie, mji ulio karibu na kituo kile, alipelekwa kwanza Tsushima, milimani, kumbe ndiko upepo ulikokuwa ukipeleka mionzi. Baadaye alihamishiwa nyumba za muda, ambako mumewe aliogopa hata kukohoa usiku kwa wembamba wa kuta. Mzee yule, mkulima maisha yake yote, aliacha kutembea, sukari ikapanda, akafa. Sasa bibi hupanda vitunguu kwenye ndoo barazani.

Mtu wa Kigoma haelezwi haya mara mbili. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, wakiisubiri meli ya MV Liemba iwatoe, watu wapatao 30 waliuawa na kipindupindu, si na risasi walizozikimbia.

Kwa hiyo wakubwa wanapozungumzia umeme wa nyuklia nchini Tanzania, nisingeanza kuwauliza unene wa ukuta wa kinu. Mama mdogo anatembelea mkongojo na anameza dawa za presha kila asubuhi. Ningewauliza ni gari gani lingemchukua, lingempeleka wapi, na ni nani angekumbuka kubeba dawa zake.