Safi, Maalim!

Pata picha. Umelala kwako, adhana ya alfajiri imepita, umejifunika gubigubi, mara ukuta wa kichwani unaanza kupigwa msasa. Krrr, krrr, krrr. Vumbi la puti linakudondokea mdomoni kama unga wa muhogo. Unakurupuka ufungue dirisha useme neno, unakuta dirisha lenyewe halipo. Liling'olewa jana, liko chini ya mti, kuku kapanda juu yake.

Hayo yamenikuta mie, Tiznit, kusini mwa Moroko, na wa kumlaumu sina.

Huku Uingereza ninakoishi nilinunua kwa mzee mmoja gari-nyumba, Ducato ya 1996. Kitanda kimo, jiko limo, friji imo, choo kimo, ila cha kwenda kumwaga mwenyewe, na hiyo habari tuiache tusije tukashindwa kula. Tatizo lake lilikuwa mvua. Ilikuwa ikipenya kwenye maungio ya paa, ikateremka kimyakimya ndani ya kuta, hata plaiwudi ukiibonyeza kwa kidole inabonyea kama chapati ya jana. Mafundi wa hapa wakanitajia bei. Nikawauliza kama hiyo ni pamoja na kiwanja.

Ndipo mzee mmoja wa Kiingereza akaninong'oneza: wewe nenda Moroko. Kila msimu wa baridi wenzake wanateremka huko na magari yao, wanarudi yana viti vipya, rangi mpya, hata ngamia kachorwa nyuma.

"Na huko mtaelewana kwa lugha gani?" mama watoto akauliza.

Nikacheka. Mie mtoto wa Tanga, nimekaa chuoni, nimekhitimu, halafu Kiswahili chenyewe kimejaa Kiarabu tele! Mke wangu hakujibu. Aliniangalia tu vile anavyoiangalia mita ya umeme.

Basi tukashuka Ufaransa, tukashuka Hispania, tukapanda feri Algeciras. Saa moja na nusu tuko Afrika. Ule mlango wa bahari, pale penye wembamba wake, ni kilomita 14, Unguja na bara ni mbali zaidi. Kisha kilomita karibu 900 kwenda kusini, mpaka kwenye mji wenye ukuta wa udongo mwekundu na masonara wa fedha kila kichochoro.

Siku ya kwanza niliota mbawa. Fundi huko anaitwa maalem. Yaani maalim! Nikamwita hivyo, akafurahi. Nikaonyesha msumari nikasema "mismari", akaitikia "mesmar!" Sabuni ni saboun. Sanduku ni sandouq. Nikamgeukia mama watoto kifua mbele kama jogoo wa kwanza kuwika.

Akaniuliza natoka wapi. Tanga, nikasema.

"Tanja?"

Tanja ndiyo Tangier yao, kule kaskazini tulikoingilia, mji aliozaliwa Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 bila kuhitaji fundi bodi, bahati yake. Nikamwambia si Tanja, Tanga. Akatikisa kichwa kwa heshima, akamgeukia msaidizi wake akamweleza kwamba huyu bwana anatoka Tanja.

Tukapatana. Siku kumi, kianzio nusu. Nikamwambia tuanze kesho Ijumaa, asubuhi, saa mbili. Kwa Kiarabu changu cha chuoni: ithnayn. Akaitikia inshallah, tukashikana mikono.

Ijumaa kabla jua halijakolea tukatoa vyombo vyote nje. Magodoro, masufuria, chupi kwenye beseni. Tukakaa. Mtu hakuja. Jumamosi hakuja, Jumapili hakuja. Jumatatu kaja, anatabasamu, hana hata chembe ya aibu. Kumbe kwao hesabu ya mbili wanaitaja "jouj", na "tnin" ni Jumatatu! Siku ambayo kwetu ni ya tatu, kwao ni ya pili. Na hata angenielewa nilivyotaka, angekuja saa nane mchana, maana saa mbili yetu na yao ni vitu viwili. Yaani nilikuwa nimefeli mtihani hata kabla ya kushika kalamu.

Kazi ikaanza, na pamoja nayo chai. Sukari yao inauzwa kama mnara, kilo mbili nzima, imefungwa karatasi. Wanaipasua kwa nyundo. Nyundo ile ile iliyong'oa dirisha langu. Halafu wanamimina kutoka juu, birika liko usawa wa sikio, povu linapanda kwenye bilauri, na hakuna anayegusa msasa mpaka povu liwe sawasawa.

Lakini chai haikunitoa machozi. Kilichonitoa machozi ni neno moja.

Fundi wa viti alikuwa na mkono, nisimdhulumu. Alikata sponji kwa kisu cha mkate, akavuta kitambaa, pembe akazishona kwa mkono, uzi umelala kama ulichorwa kwa rula. Nikashindwa kujizuia. "Safi! Safi sana, maalim!"

Akaniangalia. Akaweka sindano chini. Akakusanya uzi, akanipa mkono, akaondoka. Makochi matatu yako uchi.

Kesho yake fundi rangi kamaliza ubavu mmoja, unang'aa mpaka unajiona meno. "Safi!" nikasema. Akaosha brashi, akaenda zake. Nikajua hapa nimelogwa. Siku tatu gari lina ubavu mmoja mweupe na mmoja wa kijivu, na kila fundi ninayemsifu anaondoka kama niliyemtukania mama yake.

Aliyefumbua fumbo ni mama watoto, ambaye Kiarabu hakuwahi kudai anakijua. Yeye alikuwa kila jioni anakwenda kukanda mkate na mke wa maalim. Akarudi na unga mpaka kwenye viwiko.

"Baba watoto, safi kwao maana yake basi. Imetosha, tumemaliza. Wewe ndiye unayewafukuza."

Tangu siku hiyo nilipigwa marufuku kufungua mdomo. Usimamizi akachukua yeye, "mezyan", yaani nzuri, moja kila baada ya nusu saa, na kazi ikaenda mbio. Mie nikapewa kopo tupu la rangi nikalie. Usiku tunalala humo humo, turubai ndilo ukuta, paka wa mtaa wanapita wanatuhesabu.

Ramadhani ikatukuta hapo hapo. Na Moroko ikiingia Ramadhani nchi nzima hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Fundi keshachelewa siku kumi na moja, serikali ikamwongezea na saa moja.

Siku ya mwisho maalim akasema nyuma atanichorea zawadi. Nikaandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, asije akakosea: TANGA RAHA. Raha akaijua mara moja, akagusa moyo. Nikamwonyesha kwa mikono minazi miwili na jahazi.

Asubuhi nikazunguka nyuma. Jahazi halipo. Yupo ngamia, mkubwa, ananikodolea macho, ana mdomo kama wa shemeji yangu mmoja. Minazi imegeuka mitende. Na juu yake, kwa rangi nyekundu isiyofutika: TANJA RAHA.

Nikafungua mdomo. Mama watoto akanikata jicho. Maalim kasimama na brashi mkononi, anangoja, msaidizi wake kashika kopo.

"Safi," nikasema.

Akafunika kopo, wakaenda zao.