Kuifukuza Sumu au Kumshika Mgonjwa?

Mtu akiletwa hospitali baada ya kumeza dawa kupita kiasi, nduguze huja na ombi moja mdomoni: mwosheni tumbo. Hulisema kabla hata hawajaulizwa jina la mgonjwa. Siwalaumu. Sumu imeingia, basi itolewe. Akili ya kawaida ndivyo inavyosema, na kwa zaidi ya miaka mia moja madaktari nao walisema hivyohivyo. Palikuwa na mpira wa kuoshea tumbo, palikuwa na sharubati ya ipekaki ya kumtapisha mtoto, na mgonjwa ambaye hakutapishwa wala kuoshwa alionekana kama hakutibiwa.

Leo daktari wa sumu anaweza kumjibu ndugu yule kwa maneno yatakayomshangaza: tumbo liacheni kwanza, tazameni pumzi. Hapo ndipo penye mvutano. Wapo wanaoona kwamba tiba ya sumu ni kuifukuza, iwe kwa kuitoa tumboni, kuinasa kwa mkaa wa dawa, au kuizima kwa kiuasumu, yaani dawa inayopingana na sumu hiyo. Wengine wanaona kwamba kazi ni kumshika mgonjwa: njia ya hewa ibaki wazi, mapafu yafanye kazi, presha isianguke, sukari isishuke, degedege lizuiwe, kisha ini na figo zitaimaliza sumu kwa wakati wake. Mimi niko na hawa wa pili. Lakini zipo sumu zinazonizuia kusema hivyo bila masharti, na hizo ndizo zilizonifanya niandike.

Ushahidi wa kumshika mgonjwa ni wa zamani. Katika miaka ya 1940 dawa za usingizi za jamii ya babiturati zilikuwa zikiua watu wengi. Mgonjwa alilala fofofo, na tiba ilikuwa kumchoma dawa za kuuchochea ubongo ili aamke. Dawa hizo zilileta degedege na moyo kwenda mbio, na wagonjwa waliendelea kufa. Mwaka 1949 kituo maalumu cha wagonjwa wa sumu kilifunguliwa katika hospitali ya Bispebjerg jijini Copenhagen, na Carl Clemmesen na Eric Nilsson wakaifanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Waliacha kumwamsha mgonjwa kwa nguvu. Walimwekea mpira wa hewa kooni, wakamfyonza makohozi, wakamgeuza upande huu na huu, wakaitunza presha, wakasubiri. Vifo vilivyokuwa vikikaribia mgonjwa mmoja kati ya watano vilishuka hadi asilimia moja au mbili. Sumu ilikuwa ileile, na hakuna kiuasumu kipya kilichokuwa kimegunduliwa.

Sasa uangalie huo mpira wa kuoshea tumbo kwa karibu. Wa mtu mzima una unene unaokaribia kidole. Mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa chini kidogo, mpira ukapitishwa mdomoni hadi tumboni, maji yakaingizwa kidogokidogo na kutolewa mpaka yarudi meupe. Kwa mgonjwa aliye macho na anayepambana, au aliyelegea hata hawezi kukohoa, kila hatua hapo ina hatari yake. Anaweza kupaliwa na matapishi, mpira unaweza kutoboa umio, na maji yenyewe yanaweza kuvisukuma vidonge mbele, kutoka tumboni hadi kwenye utumbo mwembamba ambako dawa hufyonzwa kwa wingi. Faida nayo ni ndogo, na inazidi kupungua kila dakika inayopita. Ndiyo maana mwaka 1997 vyama vya wataalamu wa sumu vya Marekani na Ulaya vilitoa tamko la pamoja kwamba kuosha tumbo kusifanywe kama desturi. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kiliwaambia wazazi waache kuweka ipekaki nyumbani. Kumtapisha mtu kwa maji ya chumvi ni hatari zaidi, kwa sababu chumvi ikipanda ghafla kwenye damu huvimbisha na kuvuruga ubongo, na kuna watu wameuawa na hayo maji, wala si na kile walichomeza.

Mkaa wa dawa una kesi ngumu zaidi, na hapa nakiri kwamba pande zote mbili zina hoja. Ni unga mweusi wenye vitundu visivyohesabika, unaozinasa dawa nyingi kabla hazijaingia kwenye damu. Sri Lanka ilifanya majaribio mawili makubwa. La kwanza, lililochapishwa mwaka 2003, liliwachukua watu 401 waliokula mbegu za oleanda ya manjano, mmea unaovuruga mapigo ya moyo. Waliopewa mkaa mara kwa mara walikufa 5, na wale waliopewa dozi moja kisha dawa bandia, yaani isiyo na kitu ndani, walikufa 16. La pili, la mwaka 2008, lilikuwa na wagonjwa zaidi ya 4,600 wa sumu mbalimbali, oleanda ikiwa mojawapo. Vifo vilikuwa asilimia 6.3 kwa waliopewa mkaa mara nyingi, 7.1 kwa dozi moja, na 6.8 kwa wasiopewa kabisa, tofauti ambayo haina uzito kitakwimu.

Wapinzani wa mkaa hulishika hilo la pili na kufunga mjadala. Nadhani wanaharakisha. Wagonjwa wengi wa jaribio lile walifika saa kadhaa baada ya kumeza, na wengi walikuwa wamekunywa viuatilifu vya shambani, ambavyo havifanani na kidonge kinachoyeyuka taratibu tumboni. Aliyefika ndani ya saa moja akiwa na akili zake timamu, amemeza dawa ambayo mkaa unainasa, bado ana sababu ya kupewa gramu 50. Aliyesinzia asipewe mpaka njia yake ya hewa ilindwe, maana mkaa ukiingia mapafuni ni balaa lingine. Madini ya chuma, lithiamu, pombe, asidi na magadi makali mkaa hauvinasi, kwa hiyo hapo ni kumchafua mgonjwa bure. Na aliyekunywa mafuta ya taa ndiye wa kuachwa kabisa bila kutapishwa, kwa sababu tone likipita njia ya hewa ndilo linaloharibu mapafu.

Hadi hapo unaweza kudhani kwamba wanaotaka kumshika mgonjwa wameshinda. Lakini hoja yao imesimama juu ya dhana moja, kwamba mwili wa mgonjwa ni mshirika wetu na tukimpa muda ataisafisha sumu mwenyewe. Kwa babiturati ni kweli. Kwa parasetamoli dhana hiyo inaua.

Mchukulie binti wa miaka 19 aliyemeza vidonge vya parasetamoli vingi usiku, kisha akajuta na kumwambia mama yake asubuhi. Anafika anatembea. Pumzi ziko sawa, presha iko sawa, sukari iko sawa. Kichefuchefu kidogo, basi. Anaomba samahani, anataka kurudi nyumbani. Ukimpima kwa vigezo vya kumshika mgonjwa, hana cha kushikwa. Wakati huohuo ini lake linaigeuza sehemu ya dawa ile kuwa kemikali kali, na akiba ya glutathioni ambayo huizima kemikali hiyo inaisha. Ikiisha, seli za ini zinaanza kufa. Siku ya pili maumivu ya ubavu wa kulia yanaanza. Siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano, damu haigandi, na anaanza kuchanganyikiwa. Hapo ndugu wanasema amezidiwa ghafla. Hakuzidiwa ghafla. Alikuwa anazidiwa tangu asubuhi ile alipokuwa akiomba samahani.

Kiuasumu chake, asetilisisteini, kinaijaza upya akiba ile. Kikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza, kinamlinda karibu kila mtu. Baada ya hapo bado kinasaidia, ila uhakika unapungua. Kiasi cha dawa kwenye damu hupimwa kuanzia saa ya 4, kisha husomwa kwenye mchoro wa Rumack na Matthew uliochapishwa mwaka 1975, unaoonyesha nani yuko hatarini. Mchoro huo unamfaa aliyemeza mara moja na anayejua saa aliyomeza. Kama saa haijulikani, au alimeza kidogokidogo kwa siku mbili, mchoro hausomeki, na daktari hasubiri: anaanza dawa.

Methanoli, pombe yenye sumu, inafuata njia hiyohiyo. Ini ndilo linaloigeuza kuwa asidi inayopofusha macho, na tiba ni kulizuia ini lisifanye kazi hiyo kwa fomepizoli au, ikikosekana, kwa pombe ya kawaida iliyopimwa, huku mashine ya figo bandia ikiisafisha damu. Katika sumu hizi kusubiri ni kuliachia ini muda wa kuzalisha sumu yenyewe.

Kiuasumu nacho kina wanaokitumia vibaya. Naloksoni, kiuasumu cha morfini na jamaa zake, ni mfano ninaourudia kila mara. Mtu aliyezidisha morfini au heroini analetwa na mboni ndogo kama tundu la sindano, anavuta pumzi nne kwa dakika. Kishawishi ni kumsukumia dozi kubwa aamke na kukaa kitako. Anaamka kweli: anatapika, anapigana, amejaa maumivu na arosto, na pengine anang'oa dripu na kuondoka. Naloksoni huisha mwilini haraka kuliko nyingi ya dawa inazozipinga, methadoni hasa, na mtu huyo anaweza kuzimia tena barabarani. Apewe hewa kwa barakoa na mfuko kwanza, kisha naloksoni kidogokidogo mpaka pumzi zitoshe. Kama bado analala huku anapumua vizuri, aachwe alale na aangaliwe.

Flumazenili, inayopinga benzodiazepini, yaani dawa za usingizi na wasiwasi kama diazepamu, inahitaji woga mkubwa zaidi. Benzodiazepini ikimezwa peke yake ni nadra kumuua mtu mzima anayeangaliwa. Lakini kama alimeza pia dawa za msongo wa mawazo za kundi la trisaikliki, au ni mtumiaji wa muda mrefu, flumazenili inaweza kuleta degedege lisilokoma. Hapo kumshika mgonjwa ndiyo tiba bora kuliko kiuasumu chenyewe.

Kwa hiyo swali la upande gani una haki linajibiwa kitandani, na majibu yake ni machache: alimeza nini, kiasi gani, saa ngapi, yuko katika hali gani sasa, na ni nani, maana uzito wake, umri wake na maradhi yake vinabadilisha hesabu. Asiyeweza kujibu anasomwa mwilini. Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na homa, moyo mbio, mboni pana na fujo zilezile. Mmoja ametumia kokeini, mwingine amemeza dawa ya mzio kupita kiasi. Weka mkono kwapani. Wa kwanza amelowa jasho, wa pili kwapa ni kavu kabisa, na ukimwekea kifaa tumboni utumbo wake umenyamaza. Aliyekunywa kiuatilifu cha oganofosfati yeye anatoa maji kila mahali, machozi, mate, jasho, na mapafu yamejaa. Atropini, kiuasumu chake kinachoyakausha maji hayo, huongezwa mara mbili kila baada ya dakika chache mpaka kifua kikauke na presha ikae sawa, bila kuzisubiri mboni zipanuke.

Hapo ndugu aliyekuja akitaka tumbo lioshwe anakuwa mtu muhimu kuliko anavyojua. Arudi nyumbani, au ampigie aliyebaki huko, aokote pakiti zote: zilizo chini ya kitanda, zilizo kwenye pipa, na dawa za bibi za presha zilizo kabatini. Ahesabu vidonge vilivyobaki. Na akumbuke ni saa ngapi alimwona mgonjwa akiwa mzima kwa mara ya mwisho.