Fomu Inayokunyang'anya Juri

Rafiki yangu anaendesha lori huko Houston. Kampuni iliyokuwa ikimpa mizigo ilifilisika kabla ya kumlipa dola 6,400. Akajaza Fomu 410, ile ya kudai chako katika mahakama ya ufilisi, karatasi juu ya goti na chai pembeni, akisubiri kupakiwa mzigo. Baada ya mwaka na ushei ikaja barua. Mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyofilisika, anataka arudishe dola 18,000 alizolipwa miezi miwili kabla kampuni haijakimbilia mahakamani. Sheria ya Marekani inaruhusu: deni la zamani lililolipwa ndani ya siku 90 kabla ya kufilisika linaweza kudaiwa tena, wadai wote wagawane.

Jamaa akasema haya, nipelekeni mbele ya juri, nikawaeleze watu wanaojua bei ya dizeli. (Wazee wa baraza tuliowazoea kwetu walimshauri tu jaji. Juri ya kule, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kusikiliza kesi, inaamua.) Wakili akamuuliza swali moja tu: ulijaza fomu ya madai? Alipoitikia, habari ya juri ikaishia hapo.

Hapo ndipo panaponiuma. Katiba yao, kwa Marekebisho ya Saba ya mwaka 1791, inalinda haki ya juri katika kesi za madai zinazozidi dola 20. Mwaka 1989, katika Granfinanciera dhidi ya Nordberg, Mahakama ya Juu ilisema anayeshtakiwa na mfilisi arudishe mali, naye hajawasilisha dai lolote, ana haki ya kuomba juri. Mwaka uliofuata, katika Langenkamp dhidi ya Culp, ikasema aliyewasilisha dai hana haki hiyo, maana ameingia mwenyewe kwenye utaratibu wa kugawana mali chini ya jaji. Kwa hiyo aliyenyamaza analindwa, na aliyedai jasho lake anavuliwa ngao.

Najua mali ya aliyefilisika huyeyuka kila siku kwa ada za mawakili, na juri kwa kila mdai ingeimaliza. Hilo silipingi. Ninachopinga ni ukimya wa ile fomu. Inakuonya kwamba ukidanganya unaweza kutozwa faini ya hadi dola 500,000 na kufungwa hadi miaka 5, lakini kuhusu juri haisemi neno. Waongeze sentensi moja juu ya mahali pa sahihi: ukiwasilisha dai hili, unaweza kupoteza haki ya juri. Mtu achague akijua.

Kama bado hujasaini, muone wakili kwanza. Hata mwenye haki hiyo ana siku 14 tu za kuiomba juri tangu hati ya mwisho ya majibizano ipelekwe, zikipita, imekwenda.

Rafiki yangu alipatana na mfilisi kwa dola 9,000, analipa kidogo kidogo. Nakala ya fomu bado iko kwenye lori, ina duara la kikombe cha chai karibu na sahihi yake.