Santuri ya Mitumba na Mzungu wa Tochi

Kila baada ya miezi michache gumzo huzuka upya: mgeni kaja, kalipa, kaondoka na maboksi ya santuri za zamani, na baada ya mwaka mmoja au miwili nyimbo walizochezea baba zetu zinauzwa London kwa bei inayokaribia gunia la mahindi. Watu hukasirika, na neno "uporaji" halikawii kutoka. Hata mimi nimelitumia. Siku hizi linanikwama kooni, maana yule mnunuzi, pamoja na makosa yake yote, naona amebebeshwa mzigo ambao sehemu kubwa yake ni yetu.

Soko la Kenyatta, Nairobi, wengi wanalijua kwa nyama choma na kusukwa nywele. Ukipita katikati ya moshi na misuko utafika mahali santuri zimepangwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Mara ya mwisho nilipokwenda nilimkuta mzungu kachuchumaa, tochi ya simu mkononi, akiinamisha sahani moja baada ya nyingine ili mwanga uteleze juu ya mifereji ambamo sindano hupita. Alikuwa akitafuta mikwaruzo. Ule mstari mweupe wa juujuu hauna neno. Ule unaousikia kwa ukucha ndio unaofanya sindano iruke. Majina makubwa aliyapita tu. Alisoma lebo: bendi, jina la mtunzi ndani ya mabano, na zile herufi na tarakimu za kampuni, kwa sababu santuri nyingi ndogo za Nairobi hazikuandikwa mwaka, na mwaka unaukisia kwa kufuata tarakimu. Kila aliyoitenga aliiandika kwenye daftari. Nusu saa hivi niliyokaa pale nikitafuta santuri za Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa dansi wa Tanzania, vijana wetu watatu waliingia, wakapiga picha na ukuta wa santuri, wakaenda zao. Mzungu nilimwonea wivu, nakiri, na nadhani wivu una mkono katika hasira nyingi za namna hii.

Wanaolalamika nao wana hoja, tena nzito. Anayelipa mia chache kwa sahani moja sokoni anajua itakachomletea kwao, na muuzaji mara nyingi hajui. Bei ikishapandishwa na wageni, mwanafunzi wa Eastleigh au Likoni anayetaka kuanza kukusanya hawezi tena kugusa. Kuna na suala la ladha. Mnunuzi wa nje hupenda gitaa linalounguruma, kinanda cha umeme, mdundo utakaoingia kwenye disko ya Berlin. Wimbo wa Kikamba wa gitaa moja na chupa ya soda inayogongwa, au kasida ya harusi, unaachwa pale pale rafuni. Hivyo anayeokoa anachagua pia, na anachagua kwa masikio ya kwao. Hili sina jibu lake kamili, ingawa kuna waliokwenda kinyume. Mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda ya Ufaransa, ulioanza 2005 chini ya Werner Graebner, ulishughulikia taarabu ya Mombasa, muziki wa dansi wa Dar na Ikhwani Safaa ya Unguja, klabu iliyoasisiwa 1905. Hizo si bidhaa za kuwarusha watu wa Berlin.

Lakini neno lenyewe, uporaji, linalinganisha santuri na siwa ya Lamu, ile baragumu kubwa ya sherehe, au kinyago kilichotolewa mahali patakatifu. Siwa ni moja. Ikiondoka, imeondoka. Santuri ilizaliwa nakala. Ilitoka kiwandani na ndugu zake mia tano, elfu, au elfu kumi, ikatawanywa kwa mabasi na treni mpaka Kisumu, Tanga na Kampala. Mgeni akichukua moja, nyimbo za wengine hazinyamazi. Tatizo linakuja pale nakala elfu zilipokwisha kuwa mbili. Hapo sahani ya plastiki inageuka siwa. Swali langu ndilo hilo: nani alizipunguza kutoka elfu hadi mbili, kabla mzungu wa tochi hajapanda ndege?

Tazama hesabu moja inayonisumbua kila nikiikumbuka. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na wenzake walikwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa. Kufikia 1931, kwa hesabu inayotajwa na wanahistoria, zilikuwa zimeuzwa santuri zipatazo 72,000. Elfu sabini na mbili! Zigawe kwa miaka mitatu, ni 24,000 kwa mwaka, zaidi ya 65 kila siku ya Mungu, Idi na Ijumaa zikiwemo, na hapo ni enzi ambayo kinanda cha santuri kilikuwa mali ya mwenye uwezo, na majirani walisikilizia barazani. Zipange moja juu ya nyingine, hata ukikadiria kila moja unene wa milimita mbili tu, unapata mnara wa mita 144. Sasa nenda Ng'ambo ya Unguja, nenda Mji wa Kale Mombasa, nenda Bagamoyo, uulize nyumba hadi nyumba. Mimi nimeuliza nyumba nyingi za jamaa na marafiki. Nimeonyeshwa kipande kimoja, nusu sahani, kilichokuwa kikizuia mlango usigongwe na upepo.

Hizo 72,000 hazikupakiwa melini kupelekwa Uingereza. Zilikwisha humu humu. Santuri za wakati ule zilikuwa za lakiri. Zikianguka zinapasuka kama kigae. Sindano ilikuwa ya chuma, ilipaswa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja, na nani alikuwa na sindano za kubadilisha usiku kucha wa harusi? Ile ile iliyokwisha makali iliendelea kulima mifereji mpaka sauti ikabaki mvumo kama wa kukaanga. Nyingine zilichezewa na watoto, nyingine zilitupwa mzee alipofariki na warithi wakagawana vitanda na makabati. Hakuna mwizi hapa. Kitu kilitumika, kikachakaa, kikaondoka, kama kanga. Lakini mwaka 2007 kampuni ya Topic ya London ilipotoa mkusanyo wa nyimbo za Kiswahili za tangu miaka ya 1920 hadi 1950, sauti zilitoka kwenye hazina ya British Library. Nakala zilizokaa baridini, hazikuchezwa harusini, ndizo zilizotusubiri. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Upande wa Bara hadithi ina kona nyingine. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri, yaani kuzichapa. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zilizobahatika kuwa santuri zilipitia viwanda vya Nairobi. Zisizobahatika zilibaki kwenye mikanda ya redio, kule ambako leo ni TBC. Kisha 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Kwa hiyo anayetafuta dansi ya Dar ya wakati ule kwenye santuri, mara nyingi anaitafuta Nairobi. Santuri haikuwahi kuwa mtu wa kukaa kwao. Ile ya Siti ilirekodiwa Bombay, ya Mwinshehe ilikandamizwa nchi jirani. Anayesema leo kwamba zinahamishwa, ajue zilizaliwa safarini.

Kuna jambo lingine ambalo wanaowashutumu wakusanyaji hulipita haraka, nalo ni lile jina la mtunzi ndani ya mabano kwenye lebo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ya 1970 ilitoka ulinzini 2020 ulipokwisha. Utunzi ni habari tofauti. Maneno na muziki vinalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, kwa hiyo alichokitunga kina ulinzi hadi mwisho wa 2029. Sasa fikiria mtunzi asiye na jina kubwa, aliyerekodi mara mbili River Road, mtaa wa studio wa Nairobi, akarudi shambani. Mikataba imepotea, kampuni imekufa, mwenye kampuni kahama. Ushahidi pekee ulioandikwa kwamba wimbo ni wake ni ile lebo ya duara. Mjane au mtoto anayedai haki bila sahani hiyo anadai kwa mdomo mtupu. Mkusanyaji aliyeitunza ikiwa safi, na daftari lake la tarakimu, anaweza kuwa shahidi wao bora kuliko sote tunaopiga kelele.

Anaweza, nasema. Si wote. Wapo wanaotoa albamu mpya na kuandika "msanii hajulikani" wakati jina liko kwenye lebo herufi kubwa, na hao hawastahili kutetewa na mtu. Anayechapisha upya bila kutafuta familia kwanza amefanya kosa, awe mzungu, awe Mkenya mwenye studio mtaa wa pili. Lakini hilo ni kosa la kutokulipa, na dawa yake ni mkataba na kesi. Kumzuia asinunue sahani kuukuu sokoni hakumletei mjane hata senti. Kunamnyima tu mzee wa kibanda mteja anayelipa taslimu, yule mzee ambaye kwa miongo amezipokea santuri tulizokuwa tukizitupa tulipohamia kanda, kisha sidii, kisha simu.

Siku ile mzungu alipomaliza, mzee alifuta sahani moja kwa kitambaa chenye unyevu, akaiweka kwenye kinanda cha santuri mteja aisikilize kabla ya kulipa. Ndiyo desturi ya kibanda. Upande wa kwanza wimbo uliingia kwa gitaa jembamba, mwanamume akimlaumu shemeji yake kwa fitina, ukakatika katikati kama ilivyokuwa kawaida, sehemu ya pili iko nyuma. Mzee akaigeuza. Mzungu akaniuliza maneno yanasema nini, nikamweleza, naye akaandika.

"Hii ukienda nayo, sina nyingine," mzee alimwambia.

Dakika kama sita hivi, pande zote mbili, wimbo mzima ulipigwa hadharani kwenye kinanda kizima. Waya wa kuunganisha kinanda kile na kompyuta unauzwa Luthuli Avenue, mwendo wa matatu moja kutoka pale. Hakuna aliyekuwa nao. Nilikuwa na simu yenye kinasa sauti mfukoni, na sikukumbuka kuitoa mpaka nilipoona sahani inarudishwa kwenye bahasha yake.