Idi na rukuu yangu ya peke yangu

Jamani eeh, kabla hamjaendelea kutumiana ile voisi ya yule jamaa, eti nilisujudu peke yangu kwenye swala ya Idi, mimi SIKUSUJUDU. Nilirukuu, yaani niliinama tu mikono magotini, paji la uso halikugusa chini. Hivyo ni vitu viwili tofauti, aache kuongeza chumvi.

Ni hivi, niko ughaibuni, msikiti wa karibu ni wa Waturuki, siku ya Idi umefurika mpaka kwenye viatu, nikasukumwasukumwa nikajikuta safu ya kwanza nyuma ya imamu kabisa. Mi nimekua kwenye madhehebu ya Kishafii, takbira za Idi (zile Allahu akbar za ziada) saba rakaa ya kwanza, tano ya pili, hata uniamshe usiku wa manane nakutajia. Imamu kapiga tatu, kafunga mikono. Mkono wangu wa nne uko masikioni huo, nikaushusha taratibu kama najikuna. Nikasema mzee kasahau.

Rakaa ya pili kasimama, kaanza Alhamdu moja kwa moja, takbira hakuna! Nikaona basi, Mungu hajaniweka mbele bure. Nikamkumbusha kama tulivyofunzwa madrasa, kwa sauti ya mwenye elimu yake: SUBHANALLAH! Kimya. Nikarudia. Yaani NIKARUDIA.

Sura ikaisha. Allahu akbar. Nikashuka, mgongo umenyooka, mikono magotini, macho kwenye zulia. Halafu nikaona soksi. Soksi kulia, soksi kushoto, hakuna hata kichwa kimoja kilichoshuka. Ikaja ya pili, mi bado nimeinama najiuliza niinuke au niwasubiri wanikute hukuhuku. Nikainuka nusu. Ikaja ya tatu, nikanyanyua mikono nikiwa nimepinda vilevile (mnaocheka nawaona). Nikajinyoosha sasa, nimetulia kabisa, ndo ya nne ikaja na msikiti mzima ukarukuu.

Kumbe hawa ni Wahanafi, madhehebu mengine, takbira zao ni tatu tatu, na za rakaa ya pili zinakuja baada ya kisomo. Yule jamaa wa voisi alijua muda wote, keshakaa sana huku, yuko nyuma yangu mabega yanamcheza, na kwa Wahanafi ukiangua kicheko kwenye swala hata udhu umeondoka, basi wa kwake anaujua Mungu.

Baada ya hotuba mzee mmoja kanikumbatia machozi yanamlenga, ananiuliza nimesilimu lini. Sijajibu watu wameshapanga foleni kunipongeza. Nikapewa na kitabu cha kujifunza kuswali, cha watoto, cha picha. Ukurasa wa rukuu mtu keshaukunja kona.