Zimbabwe: shamba lilitoka kwa mzungu, likaenda kwa nani?

Mwishoni mwa Februari 2021 serikali ya Zimbabwe ilitangaza kwamba zaidi ya hekta 12,000 za eneo la Chilonga, wilaya ya Chiredzi, kusini-mashariki mwa nchi, zinatengwa kwa ajili ya kulima majani ya malisho ya ng'ombe. Waliokuwa wakiishi humo, maelfu ya watu wa jamii ya Wahlengwe, wakatakiwa wafungashe na kuondoka na mali zao zote. Kelele zilipozidi, tangazo likaandikwa upya: si majani ya ng'ombe tena, ni kilimo cha umwagiliaji. Amri ya kuhama ilikuwa ileile.

Chilonga haikuwa shamba la mzungu. Ni ardhi ya jadi, ile ambayo hata mkoloni aliwaachia Waafrika kwa sababu haikuwa na maana kwake. Na sheria iliyotumika ni ya mwaka 1982, miaka miwili baada ya uhuru, inayosema ardhi za namna hiyo ziko mikononi mwa Rais.

Nimeanzia huku makusudi. Huku kwetu Tanzania, Zimbabwe na mashamba ya wazungu yaliyotwaliwa yakitajwa, watu hugawanyika papo hapo: hawa wanasema Rais Robert Mugabe alikuwa mwanaume, alirudisha ardhi ya babu zetu, wale wanasema aliua nchi iliyokuwa ikilisha jirani zake. Wanabishana mpaka chai inapoa, na wote wanabishana kuhusu rangi ya aliyetolewa shambani. Mimi nataka tumtazame aliyeingia. Aliingia kama nani, na anakaa kwa ridhaa ya nani?

Kwamba wazungu waliyapora mashamba yale kwa Waafrika, sioni cha kubishania. Msafara wa watu wa Cecil Rhodes, bepari wa Kiingereza, uliingia mwaka 1890. Mwaka 1894 Wandebele wakatengewa maeneo ya Gwaai na Shangani, sehemu kame ambazo wengi walikataa kuhamia. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1930, iliyowapa wazungu karibu nusu ya nchi wakati hawafiki hata mtu mmoja kati ya kumi, na kumkataza Mwafrika kununua ardhi upande wao. Baada ya Vita Kuu ya Pili familia nyingi zilisombwa kwa malori kutoka sehemu zenye rutuba ili kupisha walowezi wapya. Vijana wa Zimbabwe waliokuja kwetu kujifunza kushika bunduki kambi ya Mgagao, Iringa, hawakuhitaji kufundishwa siasa ya ardhi. Walikuja nayo.

Mkataba wa Lancaster House, uliotiwa saini London Desemba 1979, ukawapa uhuru na kuwafunga mikono. Kwa miaka kumi ardhi ingenunuliwa tu kwa anayetaka kuuza, kwa bei ya soko. Wakulima wakubwa wa kizungu walikuwa kama 6,000, na walishika zaidi ya hekta milioni 15. Serikali mpya iliahidi kuzipatia ardhi familia 162,000. Muongo ulipokwisha zilizokuwa zimepata zilikuwa elfu hamsini na ushee. Aliyekuwa tayari kuuza aliuza mawe na vichaka, au shamba lililoko mpakani ambako vita vilimtia hofu. Uingereza ilitoa kiasi cha pauni milioni 44, na Novemba 1997 waziri wake Clare Short akamwandikia mwenzake wa Harare, Kumbirai Kangai, kwamba serikali yao mpya haikubali kuwa ina wajibu wa pekee wa kulipia ununuzi wa ardhi Zimbabwe. Barua ile ilikuwa ya kiburi. Lakini imekuwa kisingizio kizuri mno, maana inafunika yaliyokuwa yakitendeka Harare kwenyewe. Mwaka 1994, miaka mitatu kabla ya barua hiyo, ilikwisha kufichuka kwamba baadhi ya mashamba yaliyochukuliwa kwa ajili ya wasio na ardhi yamekodishwa kwa vigogo.

Sasa linganisha matukio mawili. Mwaka 1998 wanakijiji wa Svosve, karibu na Marondera, walichoka kungoja, wakaingia kwenye mashamba ya wazungu waliyodai ni ya mababu zao. Serikali ikawasihi, ikawaahidi, ikawatoa. Februari 2000 wananchi wakaikataa katiba mpya ya serikali kwenye kura ya maoni, takriban asilimia 54 wakisema hapana, huku chama cha upinzani cha MDC kikiwa hakijatimiza hata mwaka tangu kianzishwe. Kabla ya mwezi kwisha, wapiganaji wa zamani wakiongozwa na Chenjerai Hunzvi walikuwa wamekwisha kuingia mashambani, na safari hii polisi walisema hilo ni suala la kisiasa, haliwahusu. Wenyewe waliuita msukosuko ule jambanja. Kiu ya ardhi ya mwaka 1998 ilikuwa ileile ya mwaka 2000. Kilichobadilika ni hesabu ya kura, na uchaguzi wa Juni mwaka huo ulithibitisha hofu hiyo: ZANU-PF, chama cha Mugabe, viti 62, MDC 57.

Siwabezi waliovamia. Wengi walikuwa watu wa kweli wenye njaa ya kweli, waliolala kwenye mahema ya plastiki miezi kadhaa bila kujua kama watapata kitu. Na walipata. Kufikia mwaka 2003 tume ya Charles Utete, iliyokagua ugawaji wa ardhi, ilihesabu familia zipatazo 127,000 kwenye mpango wa A1, yaani mashamba madogo, na watu zaidi ya 7,000 kwenye A2, ya wenye mtaji. Wanaosema yote yalikwenda kwa marafiki wa Mugabe hawajaziangalia namba hizi. Wanaosema ilikuwa haki kwa wote nao waangalie ripoti hiyohiyo: wanawake waliopewa A1 kwa jina lao walikuwa asilimia 18, na A2 asilimia 12, katika nchi ambayo jembe liko mkononi mwa mwanamke. Na ni tume hiyohiyo, iliyoundwa na Mugabe mwenyewe, iliyokuta wakubwa wenye mashamba zaidi ya moja.

Ubaya wenyewe umo kwenye karatasi. Aliyepata shamba la A2 alipewa barua ya ofa, ambayo waziri anaweza kuifuta. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kwa mara ya 17: ardhi yote iliyotwaliwa ikawa mali ya serikali, na mwenye shamba wa zamani akakatazwa kwenda mahakamani kupinga. Watu wakashangilia kwamba mzungu amefungiwa mlango. Hawakuona kwamba wao wenyewe wamekuwa wapangaji wa serikali. Mwaka 2008 mahakama ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kule Windhoek ilisema utaratibu ule unakiuka haki, ikawapa ushindi mkulima Mike Campbell na wenzake; Harare ikaupuuza uamuzi huo, na miaka miwili baadaye wakuu wa nchi za SADC, wetu wakiwemo, wakaisimamisha mahakama yenyewe. Sikumbuki maandamano yoyote Dar es Salaam kuhusu hilo.

Yaliyofuata yalitabirika. Shamba la Arnold, Mazowe, lilivamiwa mwaka 2000 na watu walewale walioitwa mashujaa wa ardhi. Wakajenga, wakalima, wakazaa. Januari 2015 polisi wakaja kubomoa nyumba zao, na kila mtu Mazowe alijua kwamba eneo linatakiwa na familia ya Rais Mugabe. Mahakama Kuu ilitoa amri ya kuzuia, lakini bomoabomoa ikarudi tena baadaye. Mvamizi wa jana akawa mvamizi kweli, safari hii machoni pa serikali iliyompeleka.

Karatasi hiyo ndiyo inayoeleza pia tumbaku. Mwaka 2000 nchi ilivuna kiasi cha kilo milioni 237. Mwaka 2008, mfumuko wa bei ulipofika mahali ambapo noti haikuwa na faida kuliko karatasi ya kufungia karanga, ilivuna kama milioni 48. Mwaka 2018 ilifika milioni 252, na mwaka 2023 karibu 296. Wakulima wadogo wameivunja rekodi ya mashamba makubwa, na hilo ni jibu tosha kwa kila anayedai Mwafrika hawezi kulima. Lakini uliza pembejeo zinatoka wapi. Benki haikopeshi kwa barua ya ofa. Mkulima huchukua mbegu, mbolea na dawa kwa kampuni, na sehemu kubwa ya tumbaku ya nchi inalimwa kwa mikataba ya namna hiyo. Kampuni ndiyo inayomkopesha, ndiyo inayonunua, na deni linakatwa kabla hajashika hela. Msimu ukiwa mbaya anabaki na deni na kuni alizokata.

Halafu kuna watu ambao mjadala huu huwaruka kabisa. Kwenye mashamba yale kulikuwa na wafanyakazi zaidi ya laki tatu, pamoja na wake na watoto wao. Wasomaji wa Tanga na Morogoro wanawajua watu wa aina hii, tuliwaita manamba. Wengi walikuwa na asili ya Malawi, Msumbiji na Zambia, kizazi cha pili au cha tatu, wamezaliwa humohumo kwenye nyumba za kambi. Mwaka 2001 sheria ya uraia ikabanwa: mwenye haki ya uraia wa nchi nyingine aukane rasmi, asipofanya hivyo anapoteza wa Zimbabwe. Mtu ambaye hajawahi kuiona Blantyre akatakiwa aukane uraia wa Malawi, kwa fomu na ada, ili asivuliwe ule aliozaliwa nao. Wengi wakabaki bila nchi, na bila kura. Wakati wa jambanja walipigwa wakidaiwa kuwa watu wa mzungu na wa MDC. Waliopewa ardhi ni wachache sana, ingawa kama kuna waliojua kila pembe ya mashamba yale ni wao. Hili ndilo linalonifanya nisiweze kulisifu zoezi zima, hata pale ninapokubali kwamba lilipaswa kufanyika.

Walowezi wenyewe angalau wana pa kukaa mezani. Julai 2020 serikali ilitia saini kuwalipa dola za Marekani bilioni 3.5, si kwa ardhi bali kwa majengo, mabwawa na maendelezo mengine. Malipo yalianza mwaka 2025, fedha taslimu kidogo na sehemu kubwa ikiwa hati fungani.

Na Desemba 2024 Rais Emmerson Mnangagwa alizindua utoaji wa hati miliki, kwenye shamba lake mwenyewe karibu na Kwekwe. Hati ndiyo niliyokuwa nalilia aya zote hizi, kwa hiyo sitaipinga. Ila haitolewi bure: mwenye shamba anatakiwa alilipie. Yaani ardhi iliyotwaliwa kwa hoja kwamba iliibwa, na kwa hiyo hainunuliwi, sasa inauzwa na serikali kwa walioipigania. Kigogo wa A2 atalipa, na kama ana mashamba mawili kwa jina la shemeji atalipia yote. Mkulima wa A1 atalipa kwa tumbaku ambayo kampuni imekwisha kuikata. Ili upange foleni ya hati ni lazima uwe na barua ya ofa au kibali, na mtoto wa manamba aliyezaliwa kwenye shamba hilohilo hakupewa chochote kati ya hivyo.